Maharage, Mafiga na Neno "Turudi": Historia ya Chakula cha Nyumbani Nchini Rwanda

Siku hizi hapa Kigali mazungumzo juu ya afya huishia kwenye ushauri mmoja: turudi kwenye chakula cha mababu. Tuache chipsi na soda, tule maharage, viazi vitamu na mboga za majani, tunywe maziwa ya mgando, na nyumba zetu ziwe na vitu vichache. Nimeusikia ushauri huo redioni, kanisani na darasani. Sina ugomvi na maharage. Ugomvi wangu ni na neno "turudi". Turudi mwaka gani? Mababu wa mwaka 1500 walikuwa hawajaona muhogo wala kiazi mviringo. Mababu wa mwaka 1944, katika sehemu nyingi za nchi, walikuwa wanazika ndugu zao waliokufa kwa njaa.

Katika insha hii nataka kuonyesha kwamba chakula tunachokiita cha mababu kina tarehe zake, na kwamba tarehe hizo zinasema jambo ambalo redio haisemi. Kwa maoni yangu, chungu cha Mnyarwanda kilimlisha vizuri pale kilipokuwa na vitu vingi vilivyochanganywa, na pale mtu aliyepika alipokuwa na sauti juu ya kile kinachopandwa. Kilidhoofika kila mara sauti hiyo ilipohamia kwingine, iwe ni kwa chifu, ofisini au sokoni.

Tatizo la kwanza la anayetaka kuandika historia ya jikoni ni ushahidi. Rwanda ya kale ilikuwa na watu ambao kazi yao ilikuwa kukumbuka, na Padri Alexis Kagame alikusanya mengi kutoka kwao katika karne ya 20. Lakini kumbukumbu za ikulu zinahusu wafalme, vita na ng'ombe. Mwanamke anayekorogea chungu cha maharage haingii humo kwa urahisi. Kwa hiyo wanahistoria wamelazimika kutumia ushahidi mwingine, na mmojawapo ni maneno yenyewe. David Schoenbrun, katika kitabu chake A Green Place, A Good Place cha mwaka 1998, alilinganisha msamiati wa lugha za Maziwa Makuu ili kufuatilia historia ya kilimo na ufugaji katika eneo letu.

Sisi tunaosoma Kiswahili hapa Rwanda tuna bahati ya kuweza kufanya jaribio dogo la namna hiyo bila kutoka jikoni. Chukua mafiga: kwa Kinyarwanda ni amashyiga. Kuni ni inkwi. Mwiko ni umwuko. Nyama ni inyama, mafuta ni amavuta. Hata chumvi, ambayo kwa Kinyarwanda ni umunyu, ina ndugu yake katika Kiswahili cha zamani, neno munyu ambalo bado limo kwenye kamusi zetu. Maneno haya hayakuazimwa na upande wowote. Lugha zote mbili zimeyarithi kutoka kwa mama mmoja. Sasa chukua kundi jingine: isahani, isafuriya, icyayi, isukari, umuceri. Haya yametoka kwenye Kiswahili, na tarehe yake ni ya juzi tu. Ukiyaweka makundi haya mawili pamoja unakuwa na jiko zima mbele yako. Moto, kuni na mwiko ni vya kale sana. Sahani, sufuria, chai, sukari na wali viliingia na wafanyabiashara waliotoka mashariki, hasa baada ya utawala wa Wajerumani kuanza.

Je, kabla ya hapo watu walikula nini? Nafaka za kale ni mtama, unaoitwa amasaka, na ulezi, unaoitwa uburo. Ndizi ni mgeni kutoka Asia aliyezoea mapema mno kiasi kwamba hakuna anayemwona mgeni. Maharage, mahindi na viazi vitamu ni vya Amerika. Vilifika Afrika baada ya Wareno kuanza kuvuka Bahari ya Atlantiki, vikapita mkono kwa mkono mpaka kwenye vilima vyetu. Kwa hiyo maharage, ambayo leo tunayaona kuwa Unyarwanda wenyewe, ni wahamiaji. Waliyapokea kwa sababu yaliingia vizuri katika utaratibu uliokuwapo. Mvua zetu ni za misimu miwili, na maharage hupandwa na kuvunwa mara mbili kwa mwaka, katikati ya migomba au pamoja na mahindi.

Makazi yenyewe, yaani urugo, yalipangwa kwa mantiki ya jikoni. Nyumba ilizungukwa na ua. Karibu na ua palikuwa na migomba, maboga, na mboga kama isogi, ambayo Waswahili huiita mgagani, vitu ambavyo mtu huchuma jioni wakati maji yameshaanza kuchemka. Mtama na maharage vilikuwa mbali kidogo. Chakula cha kawaida kilikuwa umutsima wa mtama na maharage, au ndizi na maharage, na mboga za majani. Leo wataalamu wa lishe watakuambia kwamba nafaka ina upungufu wa kijenzi kimoja cha protini ambacho maharage yanacho kwa wingi, na kwamba vikiliwa pamoja vinakamilishana. Wanawake wa wakati ule hawakuhitaji kujua jina la kijenzi hicho.

Lakini tusiipake rangi picha hiyo. Urahisi wa nyumba ile ulikuwa na mtu wa kuulipia. Mtama ulisagwa kwa jiwe juu ya jiwe, na waliosaga walikuwa mama na binti zake. Maji na kuni vilibebwa kichwani. Maziwa, ambayo tunayasifu kana kwamba kila mtoto aliyapata, yalitegemea ng'ombe, na ng'ombe walitegemea cheo na uhusiano wa mtu na mkubwa wake chini ya utaratibu wa ubuhake. Mwanamke hakula nyama ya mbuzi. Aliambiwa kwamba akiila ataota ndevu. Na desturi ya kutokula hadharani, ambayo bado ipo kiasi kwamba ukimwona mtu mzima anatafuna akitembea barabarani Kigali unajua ni mgeni, ilikuwa na uzuri wake na ubaya wake. Ilitunza heshima ya nyumba. Pia ilificha ni nani ndani ya nyumba hiyo amelala bila kula.

Mabadiliko makubwa yalianza na ukoloni. Richard Kandt aliweka makao ya Wajerumani Kigali mwaka 1907. Viazi mviringo, yaani ibirayi, vilikuja zama hizo na vikapenda ubaridi wa kaskazini karibu na volkano. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia nchi ikawa chini ya Ubelgiji, na njaa ya 1928 hadi 1929 ikaupa utawala sababu ya kuingia shambani kwa nguvu zaidi. Kila mwanamume mwenye familia aliagizwa kulima kipande cha muhogo na viazi vitamu, na katika miaka ya 1930 ikaongezwa kahawa. Aliyeshindwa alipigwa. Neno la Kinyarwanda kwa adhabu hiyo ni ikiboko, nalo pia, kwa masikitiko, ni neno letu la Kiswahili.

Kwa upande wa haki, agizo la muhogo halikuwa la kipumbavu. Muhogo hukaa ardhini mwaka mzima na zaidi, huvumilia ukame, na hauna ghala la kuliwa na wadudu. Afisa aliyeogopa njaa alikuwa na sababu ya kuupenda. Ila afisa yule alihesabu eneo la shamba na wala si kilichomo kwenye chungu. Kilo moja ya maharage makavu ina zaidi ya gramu 200 za protini. Kilo moja ya muhogo mbichi haifiki gramu 20, na kiazi kitamu hakiko mbali na hapo. Muda uliotumika kulima muhogo wa lazima, kahawa ya lazima na barabara za lazima ulitoka mahali fulani, na kwa kiasi kikubwa ulitoka kwenye mashamba ya nyumbani. Tumbo lilijaa, pengine, lakini mchanganyiko ulipungua.

Kisha ikaja Ruzagayura, njaa ya 1943 na 1944. Mvua zilikosekana, ugonjwa wa ukungu ukaviozesha viazi mviringo, na wakati huohuo utawala wa Wabelgiji ulikuwa unataka chakula na nguvu kazi kwa ajili ya vita na migodi ya Kongo. Makadirio ya waliokufa yanatofautiana sana, kutoka makumi ya maelfu hadi laki tatu. Maelfu wengine walihamia Uganda na Kongo. Kila nikisoma juu ya Ruzagayura nagundua kwamba mazao ya akiba yalikuwepo kwenye daftari za utawala kwa karibu miaka ishirini. Hayakutosha, kwa sababu kazi ya watu na sehemu ya mavuno yao vilikuwa vimeahidiwa kwingine.

Miaka michache baadaye, mwaka 1949, Kagame huyohuyo aliyekusanya kumbukumbu za ikulu alichapisha utenzi wa kuchekesha juu ya nyama ya nguruwe. Aliuita Indyohesha-birayi, yaani kile kinachovitia viazi ladha. Sitaki kuuelezea hapa, ila jina lenyewe ni ushahidi mzuri. Zao lililokuwa geni mwanzoni mwa karne, ambalo kuoza kwake kulichangia njaa miaka mitano tu nyuma, lilikuwa tayari la kawaida kiasi cha kutiwa katika mzaha.

Wakati huo, katika Kigali yenyewe, kulikuwa na jiko la namna nyingine. Waislamu waliokuja kama wafanyabiashara, askari na makarani walikaa katika mtaa wao, na mpaka leo Nyamirambo na Biryogo ndiko Kiswahili kinakosikika zaidi mjini. Msikiti wa Al-Fatah ulijengwa huko mwaka 1913. Huko ndiko mji ulikojifunza pilau, chapati, maandazi na chai ya maziwa yenye sukari. Huko pia watu walikula nje, mezani, mbele ya wengine, jambo ambalo kilimani lingekuwa aibu. Ninawaona Waswahili wa Nyamirambo kuwa walimu wa kwanza wa maisha ya mjini hapa, kwa mazuri na kwa sukari. Maandazi mawili na chai ndicho kifungua kinywa cha wenzangu wengi, na hakuna babu wa mwaka 1900 nje ya mtaa ule ambaye angekitambua.

Kuna uhamiaji mwingine wa chakula ambao watu husahau kuutaja. Mwishoni mwa miaka ya 1950 samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika walipandikizwa katika Ziwa Kivu. Kigoma ni dagaa. Kwetu wakawa isambaza, na sasa hakuna soko la Kigali lisilokuwa nao. Vilevile, baada ya 1994, familia zilizorudi kutoka uhamishoni zilirudi na vyungu vyao: waliotoka Uganda na mazoea yao, waliotoka Kongo na Burundi na sombe na mawese. Sahani tunayouziwa mchana mjini, ile tunayoiita melanji, ambapo wali, ndizi, chipsi, maharage, dodo na tambi hulala juu ya kila kimoja kwa sababu unaruhusiwa kupakua mara moja tu, ni historia ya karne nzima iliyorundikwa pamoja.

Naandika "baada ya 1994" kwa haraka, lakini haikuwa haraka. Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi yaliharibu pia nyumba kama mahali pa kula. Katika miaka iliyofuata karibu theluthi moja ya kaya ziliongozwa na wanawake, na nyingine na watoto. Ng'ombe walikuwa wameuawa, mbegu zimeliwa au kupotea. Ni vigumu kumwambia mtoto aliyelea wadogo zake kwamba arudi kwenye mapishi ya nyumbani, kama aliyejua mapishi hayo hayupo.

Sera zilizofuata zinaeleweka vizuri zaidi zikisomwa juu ya historia hiyo. Mwaka 2006 ulianza mpango wa Girinka, wa kuzipa familia maskini ng'ombe mmoja mmoja, na ndama jike wa kwanza hupewa jirani. Maziwa yaliyokuwa ya wenye cheo yalianza kufika kwenye nyumba ambazo hazikuwahi kuwa na ng'ombe. Mwaka 2007 ulianza mpango wa kuongeza mavuno, ambapo kila eneo lilichaguliwa mazao machache: mahindi hapa, ngano pale, kwingine mchele, viazi mviringo, maharage au muhogo. Mavuno yalipanda kweli. Lakini wakulima waliozoea kuchanganya mtama, maharage na viazi vitamu katika shamba moja waliambiwa walime zao moja, na wengi walilalamika kwamba sasa wanalazimika kununua sokoni kile walichokuwa wanachuma. Sisemi kwamba 2007 ni sawa na miaka ya 1930. Mbegu na mbolea zilitolewa, na hapakuwa na kiboko. Ila swali la nani anaamua shamba lipandwe nini ni lilelile.

Inawezekana kabisa kwamba ndiyo maana katika miaka hiyohiyo viongozi wa vijiji walihimiza sana akarima k'igikoni, bustani ya jikoni. Ni kilima kidogo cha udongo kilichojengwa kwa ngazi karibu na nyumba, kimepandwa dodo, karoti, vitunguu, kabichi. Kwa mtu aliyesoma juu ya urugo wa kale, bustani hiyo si mpya. Ni ile sehemu iliyokuwa karibu na ua, imerudi ikiwa na jina la kiserikali. Na takwimu zimekwenda upande mzuri. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu ulionyesha kwamba watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa walikuwa asilimia 51 mwaka 2005, 44 mwaka 2010, 38 mwaka 2015 na 33 mwaka 2020. Theluthi moja bado ni wengi mno kwa nchi yenye mvua mara mbili. Mtoto hadumai kwa sababu wazazi wake wamesahau mababu. Mara nyingi shamba ni dogo, pato ni dogo, na mama ndiye huyohuyo anayelima, anayechota maji na anayepika.

Kuna mfano mmoja ambao naona ungefundishwa katika kila somo la historia ya kilimo. Mwishoni mwa miaka ya 1980, kituo cha utafiti cha Rubona, karibu na Butare, kiliwaalika wanawake wakulima waliosifika vijijini kwao kwa ujuzi wa maharage. Wakapewa nafasi ya kukagua aina mpya zikiwa bado kituoni, kabla wataalamu hawajazichuja. Waliangalia mambo ambayo fomu za kituo hazikuuliza: kama zao litavumilia kivuli cha migomba, kama majani yanafaa kuliwa, kama yataiva haraka motoni. Aina walizozichagua, zilipopandwa nyumbani kwao, zilifanya vizuri zaidi kuliko zile zilizochaguliwa na wataalamu peke yao. Hapa aliyepika alipata sauti, na mavuno yakaonyesha hivyo.

Sasa tufike kwetu, maana insha hii inasomwa na watu wanaokaa geto, chumba kimoja, jiko moja, sufuria moja. Tangu 2021 mpango wa chakula shuleni unafikia shule za awali, za msingi na za sekondari. Ukifika chuo kikuu unaachwa na chungu hicho, unaanza kujipikia, na hapo ndipo chipsi zinaposhinda. Zinashinda kwa sababu ya muda na mkaa. Maharage makavu yanataka saa mbili au tatu juu ya imbabura. Mwanafunzi anayetoka darasani saa kumi na mbili jioni hana saa hizo, na mkaa wa kuzichoma anaununua.

Tunajua maharage yanaweza kufanya nini kwa watu wa rika letu. Mwaka 2013, huko Huye, watafiti waliwafuatilia wanafunzi wa kike 195 wa chuo kikuu waliokuwa na upungufu wa madini ya chuma. Kundi moja lilikula maharage ya kawaida, jingine lilikula maharage yaliyozalishwa kuwa na chuma zaidi, kwa siku 128. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016: waliokula maharage yenye chuma zaidi waliongezeka himoglobini na akiba ya chuma mwilini kuliko wenzao. Ni ushahidi mzuri. Ninachokiona mimi katikati ya takwimu hizo ni kwamba wanafunzi wale walipikiwa.

Katika mitaa mingi ya Kigali kuna mtu ambaye ameshalijibu tatizo hili bila semina. Jioni anakaa karibu na sufuria kubwa na kuuza maharage yaliyokwisha chemshwa. Fundi, mwanafunzi na mama anayetoka kazini wanakuja na vyombo vyao, wananunua kiasi cha kula usiku, na nyumbani wanaongeza kitunguu, mafuta na dodo kwa dakika kumi. Moto ni mmoja badala ya ishirini. Sijakutana na utafiti wowote wa kihistoria juu ya biashara hii. Anayetafuta mada ya tasnifu angeweza kuanza kwa kumuuliza muuzaji huyo alianza mwaka gani, ni nani aliyemfundisha kuchagua maharage yanayoiva pamoja, na kuni za sufuria hiyo zinatoka wapi.